Fowadi ikisema "utafiti umethibitisha": venye tunaipima hapa saiba Kondele

Mimi si daktari na si mwalimu wa chuo, nina saiba tu hapa Kondele, Kisumu, kompyuta sita na printa mbili ambazo moja hula karatasi ikishikwa na joto. Lakini wanafunzi wa Maseno na wale wa Bondo huleta projekti zao kuprinti na kufunga hapa, na ukikaa miaka ukingoja printa imalize kurasa 120 za mtu utaanza kusoma, utauliza maswali, alafu siku moja unajipata unajua kutenganisha utafiti na porojo bila kuketi darasa la mtu.

Juzi mama mmoja wa omena, mteja wangu wa kitambo, alikuja na simu anataka nimtolee karatasi ya fowadi ndefu, zile jumbe za kusambazwa kwa simu, ati majani ya mti fulani yamethibitishwa na watafiti kumaliza kisukari kabisa, ampelekee ndugu yake Ahero ambaye hudungwa insulini kila siku. Nikamwambia mama keti kwanza, printa haikimbii. Tulikaa kama saa nzima. Haya ndio tulifanya, na mengine nimeongeza kutoka kwa fowadi zingine ambazo zilinichoma mimi mwenyewe.

Hatua ya 1: nani, wapi, mwaka gani

Pitia fowadi yote ukitafuta vitu vitatu tu, jina la mtafiti au chuo chake, mahali, na mwaka. Jina la jarida likiwepo ni bonasi. Fowadi ya mama haikuwa na hata kimoja, ilikuwa na "wanasayansi wa Ulaya" na emoji saba. Hapo mimi huwa sitafuti zaidi ya dakika kumi, juu mtu aliyehangaika na utafiti miaka mitatu hawezi kubali jina lake liachwe nje, hawa watu wanapenda majina yao kuliko wanasiasa.

Ukipata hata kipande, enda Google Scholar au PubMed, ile ya maktaba ya kitaifa ya tiba ya Marekani, zote hazilipishwi. Tafuta kwa Kiingereza juu makala karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na usiweke sentensi nzima, weka maneno matatu manne: ugonjwa, dawa, mji. Mfano wangu leo utakuwa ule utafiti wa tohara uliofanywa hapa hapa kwetu, wa kupima kama mwanaume akitahiriwa hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI hupungua, kwa hivyo andika circumcision HIV Kisumu trial, utaona moja ya mwaka 2007 kwa jarida la The Lancet, mwandishi wa kwanza Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago. Makala nyingi za siku hizi ziko na DOI, ile nambari ndefu inayoanza na 10, hiyo ichukulie kama kitambulisho, ukiwa nayo huwezi poteza makala hata wakibadilisha tovuti mara ngapi.

Hatua ya 2: usilipe

Utafungua linki uambiwe toa dola 30 na kitu ndio usome. Usitoe. Muhtasari, ile aya ya juu imeandikwa Abstract, ni bure karibu kila mahali na kwa mtu wa kawaida huwa inatosha nusu ya kazi. Ukitaka yote, angalia upande wa kulia wa Google Scholar kama kuna neno PDF, au bonyeza pale chini pameandikwa versheni zote, saa zingine mwandishi ameweka yake bure kwa tovuti ya chuo. Kuna PubMed Central ambayo ni makala kamili za bure, na kuna Unpaywall, ile ya kuweka kwa brauza ya kompyuta, kufuli kidogo hugeuka kijani kama kuna nakala ya halali ya bure mahali. Makala za majarida ya Afrika tafuta African Journals Online. Na kama una ndugu chuoni mwambie aulize laibrari yao kuhusu Research4Life, ule mpango wa kupatia vyuo majarida bure ama kwa bei ya chini, vyuo vingi vya huku viko ndani na wanafunzi wenyewe hawajui, wanakuja kwangu kulia bando imeisha.

Hatua ya 3: ni nani aliyepimwa

Hii ndio huua fowadi nyingi, na ni dakika mbili tu. Shuka hadi pale pameandikwa Methods, tafuta: ni watu, ni panya, ni mbu, ama ni chembe kwa sahani ya maabara?

Hizi za majani na kisukari, zile chache ambazo ziko na utafiti kweli nyuma yake, ukizifuata mara nyingi unaishia kwa panya. Na si panya aliyeugua mwenyewe akizeeka, ni panya amedungwa kemikali kama aloksani ama streptozotosini inayoharibu zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, alafu anapewa maji ya majani kwa wiki kadhaa. Kazi kama hiyo si upuzi, dawa nyingi zilianzia hapo, lakini kati ya huyo panya na ndugu ya mama kule Ahero kuna safari ambayo dawa nyingi hufia njiani. Na ile ya "iliua chembe za kansa maabara" ndio kabisa, kwa sahani ya maabara hata Jik inaua chembe za kansa, sasa utakunywa?

Mfano wa huku kwetu ambao napenda ni wa wale watu wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu. Mwaka 2020 waliandika kwa Nature Communications kwamba wamepata kidudu kidogo sana, wakakiita Microsporidia MB, kinaishi ndani ya mbu wa Anopheles, na mbu akiwa nacho vimelea vya malaria havimkai. Ni ugunduzi mkubwa kusema ukweli. Lakini grupu ya mtaa ikaandika "mbu wa malaria wamepatiwa dawa Kenya" na watu wakaanza kuuliza kama bado kuna haja ya neti. Aliyepimwa pale ni mbu. Hakuna mtoto aliyehesabiwa kama aliugua au hakuugua.

Na usinielewe vibaya ati nachukia miti shamba. Artemisinini ambayo iko ndani ya dawa ya malaria unayopewa hospitali ilitoka kwa mmea, Tu Youyou wa China akapewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini soma venye alifanya: kuchemsha majani kwa moto mkali kulikuwa kunaharibu dawa, ikabidi atafute njia ya kuitoa kwa joto la chini, alafu ndio ikapimwa kipimo kwa kipimo. Ndio maana Shirika la Afya Duniani mpaka leo halikubali ule mmea unywewe kama chai kutibu malaria, huwezi jua kikombe kimoja kina dawa ngapi.

Hatua ya 4: waligawanywaje

Kama ni watu, swali linalofuata ni walilinganishwa na nani, na nani aliamua mtu aende upande gani. Kama wewe mwenyewe ulichagua kunywa ile dawa, labda wewe ni mtu wa kujijali kwa kila kitu, unakula vizuri, una pesa ya hospitali, sasa tutajuaje ni dawa ilikusaidia? Ndio wanapiga kura, kama kuvuta karatasi kwa kofia, na kura haijui nani tajiri nani mlevi.

Kwa ule wa Kisumu waliandikisha vijana 2,784 wa miaka 18 mpaka 24, wote hawajatahiriwa, wote hawana virusi, wote wamekubali kwamba wako tayari kutahiriwa. Hapo ndio ujanja ulipo, juu kama wangelinganisha tu waliotahiriwa na wasiotahiriwa mtaani wangekuwa wanalinganisha Wajaluo na Waluhya, dini na dini, mila na mila. Kura ikapigwa, 1,391 wakatahiriwa mara moja, 1,393 wakaambiwa ngojeni miaka miwili. Wote wakapewa ushauri na kondomu sawa sawa.

Saa zingine kura haiwezekani na si kosa la mtu. Shemeji yangu anakaa Mwariki kule Nakuru, ziwa limekuja mpaka kwa majirani, na kila mwaka lazima atume fowadi mpya ya kwa nini flamingo wamehama, ikiwemo moja ilisema ni minara ya simu. Kuna makala ya mwaka 2024 kwa Current Biology, ya kina Aidan Byrne wa King's College London, walichukua picha za setilaiti za maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka ishirini. Ziwa Nakuru limeongezeka ukubwa 91% kati ya 2009 na 2022, na ile rangi ya kijani inayoonyesha mwani, ambao ndio chakula cha flamingo, imepungua nusu. Maji mengi ya mvua yanafanya magadi kuwa mepesi, mwani unakosa raha, ndege anafuata sahani mahali ilienda. Sasa huwezi pigia ziwa kura, ati wewe jaa wewe usijae. Kwa hivyo kwa utafiti kama huo uliza: wameangalia maziwa mangapi, kwa miaka mingapi, na je maelezo yao yanaingiana na kile kinajulikana kuhusu mwani na chumvi? Maziwa 22 na zaidi ya miaka 20 ni mzigo, si picha moja ya mtu na droni yake. Minara ya simu haimo.

Hatua ya 5: asilimia ya nini

Hapa nitakaa, juu hapa ndio hata watu wamesoma wanaanguka.

Wote hapa Kisumu tunakumbuka ile 60%. Ilikuwa kwa mabango, kwa redio, kwa midomo ya kila mtu tangu serikali ianze kampeni ya tohara ya hiari mwaka 2008. Na uliza vijana kumi 60% inamaanisha nini, sita watakuambia ukitahiriwa una kinga kama mtihani umepita kwa alama 60, yaani katika kila wanaume mia, sitini hawawezi ambukizwa. Hapana.

Mama aliniuliza hivyo hivyo. Nikachukua karatasi mbili za A4 nikaziweka kaunta, nikaenda kwa kijana wa githeri hapo nje nikaomba mahindi, tukahesabu punje 100 kwa kila karatasi, mama ndiye alihesabu juu ana mkono wa kuhesabu pesa. Karatasi ya kushoto ni wale walioambiwa wangoje, ya kulia ni wale walitahiriwa. Makala inasema kwa miaka miwili walioambukizwa ni 4.2% upande wa kungoja na 2.1% upande wa tohara. Nikamwambia toa punje nne kushoto, toa mbili kulia. Akatoa. Akaangalia karatasi zote mbili zimejaa mahindi bado, akaniangalia mimi.

"Nyathina (mwanangu), kwani kelele yote ile ilikuwa ya hizi punje mbili?"

Ndio, mama, na zote mbili ni ukweli. Kutoka nne kwenda mbili ni nusu, hiyo ndio makala inaita 53%. Na pia ni punje mbili kwa mia. Ukichukua wanaume elfu moja ni 42 kulinganisha na 21, ukichukua mkoa mzima ambao ugonjwa umekaa kwa miaka mingi, hizo punje mbili mbili ni watu wengi sana, na ndio maana serikali ilikimbia nayo. Lakini kwa wewe mmoja, hizo nambari hazikuambii uko salama. Nenda uhesabu wenyewe: walioambukizwa kwa jumla walikuwa 47 upande wa kungoja, na 22 upande wa tohara. Hao 22 walikuwa wametahiriwa, au angalau kura iliwaweka huko, na bado.

Sasa wewe mjanja utachukua kalkuleta, 47 gawanya kwa 1,393, utapata 3.4 na utasema aha, wamedanganya, walisema 4.2. Mimi pia nilidhani nimeshika mwizi. Kumbe utafiti ulisimamishwa mapema, Desemba 2006, juu tofauti ilikuwa imeonekana wazi na haikuwa haki kuendelea kungojesha wengine, kwa hivyo si kila kijana alikuwa amemaliza miaka miwili yake, na hesabu yao inazingatia kila mtu alikaa muda gani. Ukiona nambari haziingiani usikimbilie kusema ni uongo, soma tena pale chini ya jedwali, mara nyingi jibu limeandikwa kwa herufi ndogo za kuumiza macho.

Na hiyo 60% ilitoka wapi kama makala inasema 53? Kuna vijana waliambiwa watahiriwe hawakuenda, na kuna wa kungoja walienda kujitahirisha wenyewe. Ile 53 inahesabu mtu pale kura ilimweka hata kama alikaidi, ile 60 imerekebishwa kwa hao wakaidi, na imetoa wanne waliogunduliwa walikuwa na virusi tangu mwanzo. Mabango yakachukua kubwa. Binafsi ningechukua ya 53, juu ndio haijaguswa.

Kitu kingine, pembeni ya 53 utaona mabano yako na 22 mpaka 72. Hizo nambari mbili usiziruke. Wanakuambia makisio yetu ni 53 lakini ukweli unaweza kuwa chini mpaka 22 au juu mpaka 72. Mabano yakiwa mapana sana, watu walikuwa wachache au matokeo yalikuwa machache. Na mabano yakivuka sifuri, yaani upande mmoja inasaidia na upande mwingine inadhuru, basi hiyo makala haijakuambia chochote cha kukufanya ubadilishe maisha, hata kama kichwa cha habari kinapiga kelele.

Hatua ya 6: kwa muda gani

Chanjo ya malaria, ile ya RTS,S, ilipimwa nchi saba za Afrika na huku kwetu ilikuwa Siaya na Kombewa, kule Pwani Kilifi. Utapata mtu anasema inazuia 56%, mwingine anasema 36%, alafu wanatukanana kwa komenti. Wote wako sawa. Kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 mpaka 17, ripoti ya 2011 ilihesabu mwaka mmoja baada ya dozi ya tatu ikapata karibu 56%. Ripoti ya mwisho ya 2015 iliwafuata karibu miaka minne, na dozi ya nne ikiwemo, ikapata kama 36%. Kinga ilikuwa inashuka polepole. Kwa hivyo ukiona asilimia bila muda, hiyo ni kama kuambiwa matatu inakimbia kilomita 80 bila kuambiwa ni kwa saa ama kwa siku nzima.

Na 36% si ya kudharau kwa ugonjwa ambao mtoto mmoja anaweza kuugua mara kadhaa kwa mwaka. Kenya ilianza kuipeana Septemba 2019, ikianzia Homa Bay.

Hatua ya 7: walitumia kweli?

Hii niliongezewa na dada mmoja anasomea uuguzi, na sasa siwezi soma makala bila kuiangalia. Kulikuwa na utafiti hapa Kisumu, umetoka kwa NEJM, jarida la tiba la Marekani, Desemba 2023, wanawake 449 wa miaka 18 mpaka 30, nusu wanapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya kumeza baada ya ngono ndio isaidie kuzuia magonjwa ya zinaa. Kwa wanaume kule Marekani ilikuwa imefanya kazi vizuri. Hapa haikuonyesha tofauti ya maana. Fowadi ikawa "dawa imefeli Afrika", na wengine wakaanza kuongea mambo ya miili yetu sijui na damu yetu.

Lakini watafiti walikuwa wamechukua nywele. Dawa ukimeza inaacha alama kwa nywele. Walipopima nywele za wanawake 50 waliochaguliwa kwa kundi la dawa, dawa ilionekana kwa 29% tu ya vipimo. Kwa mdomo wengi walikuwa wamesema wanameza. Sasa huwezi sema dawa imefeli wakati iko kwa droo. Unaweza sema mpango wa kumeza umefeli, na hiyo ni habari tofauti kabisa, inataka maswali mengine, kama ni aibu, ni mume kuona vidonge, ni uoga wa kudhaniwa ni ARV. Kwa hivyo tafuta kila mara: walijuaje watu walitumia? Waliuliza tu, walihesabu vidonge vilivyobaki, ama walipima mwili?

Hatua ya 8: angalia kama bado imesimama

Hapa nina aibu yangu. Mapema 2021, wakati wa korona, mimi ndiye nilirusha kwa grupu ya mtaa ule utafiti wa Misri ati ivermektini, dawa ya minyoo, inapunguza vifo vya korona kwa kiasi kikubwa sana. Nilikuwa nimeona makala yenyewe kwa macho yangu, majedwali yako, nambari ziko, nikajiona msomi. Jirani yangu akaenda agrovet akanunua ile ya ng'ombe. Hakufa, lakini alihara siku mbili na mke wake hajawahi nisalimia vizuri tena.

Kitu sikuangalia ni kwamba ilikuwa priprinti, yaani makala mbichi, mtu ameandika akaweka mtandaoni kabla wataalamu wengine waikague. Neno Preprint lilikuwa hapo juu limeandikwa, mimi nikalipita kama bango la siasa. Julai 2021 ikaondolewa, baada ya mwanafunzi mmoja wa masters kule London, Jack Lawrence, kugundua sehemu zimenakiliwa, na kwa data yao kulikuwa na wagonjwa wamerekodiwa kufa kabla utafiti haujaanza. Mwanafunzi, si profesa. Alifungua tu faili akahesabu.

Na kukaguliwa pia si dawa ya kila kitu. Mei 2020 The Lancet ilitoa makala ya dawa ya hidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona, iliyodai kuwa na wagonjwa zaidi ya 96,000, tarehe 4 Juni ikafutwa juu kampuni ya data, Surgisphere, haikuonyesha data kwa wakaguzi wa nje. Na ile ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyofanya watu waogope chanjo ya surua kwa sababu ya otizimu, ilikuwa na watoto 12 tu, jarida hilo hilo likaifuta mwaka 2010, na mpaka leo napata mtu ananiletea kuprinti. Kwa hivyo kabla ya kutuma, fungua ukurasa wa makala yenyewe uangalie kama kuna neno RETRACTED, yaani imefutwa, mara nyingi liko kwa rangi nyekundu na huwezi likosa, ama weka kichwa cha makala kwa Retraction Watch, tovuti inayoorodhesha makala zilizofutwa.

Kuna pia ambazo hazifutwi lakini zinabishaniwa, na hiyo isikuogopeshe. Ule wa minyoo wa Busia, wa Edward Miguel na Michael Kremer, shule 75, walitoa dawa ya minyoo na kuona utoro shuleni unapungua kwa robo. Ulitoka 2004. Miaka kumi baadaye watafiti wengine wakaomba data wakarudia hesabu zote, wakapata makosa kadhaa na waandishi wenyewe wakakubali baadhi, wakabishania mengine, na vita ikawa kubwa kule kwa wasomi. Kremer bado alipewa Nobel ya uchumi 2019 na wenzake wawili, kwa kazi yao yote ya kupima mambo ya umaskini kwa kura kama hizi. Mimi hapo naona sifa: walitoa data. Mtafiti anayekataa kabisa mtu asione data yake ni kama mama mboga hataki ushike nyanya.

Hatua ya 9 ni fupi. Shuka chini kabisa usome nani alilipa. RTS,S mtengenezaji ni kampuni ya dawa ya GSK na ndio walikuwa ndani ya majaribio, imeandikwa wazi, na haiharibu nambari, inakufanya tu usome kwa macho mawili. Tohara ya Kisumu ililipwa na taasisi za afya za Marekani na Kanada. Ukikosa kabisa mahali pameandikwa pesa ilitoka wapi, weka alama ya kuuliza. Na jarida likiwa na jina kubwa kubwa la "Kimataifa" na linaahidi kuchapisha kwa siku tatu ukilipa, achana nalo. Kijana mmoja wa hapa alilitumia pesa ya rent, makala ikatoka na jina lake limeandikwa vibaya, na kwa jedwali lake wakaacha maneno "weka takwimu hapa".

Mama wa omena hatukumprintia ile fowadi. Tulimprintia karatasi nusu, maswali matatu makubwa makubwa ya ndugu yake kupeleka kliniki, la kwanza likiwa: nikitaka kujaribu majani pamoja na insulini, nipime sukari saa ngapi na nikiona nambari gani nije mbio? Alilipa shilingi kumi na punje za mahindi akarudisha kwa kijana wa githeri, ambaye alikataa kuzichukua ati zimeshikwa sana.

Ukikwama, mwandikie mwandishi

Watu wanaogopa hii lakini ndio rahisi kuliko zote. Chini ya majina ya waandishi kuna barua pepe ya mmoja wao, ina alama ya bahasha ama nyota, huyo ndiye kazi yake kujibu. Chagua yule yuko Kenya kama yupo, unaweza mwandikia kwa Kiswahili bila shida. Usimwambie historia yako, andika hivi:

"Hujambo Daktari. Nimesoma muhtasari wa makala yenu ya mwaka fulani kuhusu jambo fulani. Mimi si mtafiti. Naomba nakala ya makala kamili, na swali moja: kwa jedwali la 2, nambari ya mstari wa tatu inamaanisha watu wangapi kwa mia? Asante."

Swali liwe moja, na litaje jedwali, ndio ajue umesoma kweli. Ukituma maswali tisa hatajibu, ana wanafunzi wa kumsumbua tayari. Wiki mbili zikipita kimya, tuma tena mara moja, alafu jaribu mwandishi wa pili kwa orodha. Yangu ya kwanza nilituma Jumatatu nikiwa nimekata tamaa, ikajibiwa Alhamisi saa tano usiku, PDF mbili na picha ya daftari yenye hesabu ya kalamu, na chini ameandika "samahani kwa mwandiko".